Paka wa Pua Fupi: Kumfuga na Kumtunza

Katika somo hili tutamtazama mnyama ambaye wengi wetu tumemwona katika picha tu, lakini ambaye huenda baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani walioko Ulaya na Marekani wamekwisha kumzoea katika nyumba za wenyeji wao. Ni paka mwenye kichwa cha mviringo kama chungwa, mashavu manene, macho makubwa, na pua fupi mno iliyokaa katikati ya macho hayo kama kifungo cha shati. Jina lake ni Exotic Shorthair, na kwa kifupi huitwa Exotic. Watu wa Marekani humtania wakisema kuwa yeye ni paka wa Kiajemi wa mtu mvivu.

Utani huo una nusu ya kweli. Kwa habari ya manyoya, kazi imepungua. Kwa habari ya uso, kazi imeongezeka, wala haimfai mvivu hata kidogo. Basi mtu atakaye kumfuga paka huyu, au kumshauri mwenziwe anayetaka kumnunua, yampasa aelewe kwanza jinsi uso ule ulivyopatikana, maana sehemu kubwa ya kazi ya kumtunza yatokana na ufupi wa mifupa ya uso wake.

ASILI YAKE

Exotic ni mtoto wa paka wa Kiajemi, yule paka mashuhuri wa manyoya marefu. Paka wa Kiajemi walikuwamo katika maonyesho makubwa ya paka yaliyofanywa Crystal Palace, London, mwezi wa Julai 1871. Ukitazama picha za paka hao wa zamani utaona kuwa walikuwa na pua iliyotokeza, karibu kama ya paka wa jikoni kwetu. Ufupi wa leo haukuletwa na nchi wala hali ya hewa. Uliletwa na watu, ambao kwa miaka mingi walichagua kuzalisha wale wenye pua fupi zaidi, kwa kuwa uso wa namna hiyo ulipendeza na kupata tuzo.

Huko Marekani, katikati ya karne ya 20, wafugaji wengine wa paka wa Kimarekani wa manyoya mafupi waliwachanganya paka wao na wa Kiajemi, kwa kutaka mwili mnene na rangi nzuri ya fedha. Wakazaliwa paka wenye umbo na uso wa Kiajemi, lakini manyoya yao ni mafupi na mazito. Wengine wakakasirika, wakasema mbegu yao yaharibiwa. Wengine wakawapenda. Mwaka 1966 chama cha Cat Fanciers' Association, kilichoanzishwa mwaka 1906, kiliwakubali kuwa aina mbali yenye jina lake. Tangu hapo Exotic ameendelea kuchanganywa na paka wa Kiajemi, na kwa hiyo amerithi kwake mema na mabaya pia.

MANYOYA NA HESABU YA MENDEL

Hapa wanafunzi wa Biolojia watafurahi, kwani paka huyu ni mfano mzuri wa elimu ya urithi. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alichunguza mimea ya njegere, akachapisha habari zake mwaka 1866, yaani miaka 100 kamili kabla ya Exotic kupewa jina. Alionyesha kuwa kila mzazi humpa mtoto nusu ya urithi wake, na kwamba katika jozi ya urithi moja yaweza kutawala na nyingine ikajificha.

Kwa paka, jeni ya manyoya mafupi hutawala. Tuiite F. Jeni ya manyoya marefu hujificha. Tuiite f. Paka mwenye FF ana manyoya mafupi. Mwenye Ff pia ana manyoya mafupi, ila amebeba f moja kwa siri. Mwenye ff ndiye wa manyoya marefu, kama paka wa Kiajemi.

Sasa tufanye hesabu. Exotic mwenye Ff akizaa na paka wa Kiajemi mwenye ff, twatazamia nusu ya watoto wawe na manyoya mafupi na nusu marefu. Exotic wawili wenye Ff wakizaa, twatazamia mtoto mmoja katika kila wanne awe na manyoya marefu. Lakini Exotic mwenye FF, hata akizaa na nani, watoto wake wote watakuwa na manyoya mafupi. Basi mwenye paka asishangae kuona kitoto cha manyoya marefu kwa wazazi wawili wa manyoya mafupi, wala asimsingizie mama mtu kuwa alitoroka usiku. Na hesabu hizi ni za watoto wengi. Katika uzao mmoja wa watoto wanne, yaweza kutokea asiwepo hata mmoja wa manyoya marefu, au wakawepo wawili.

Manyoya hayo mafupi hayasongamani kama ya Kiajemi, bali ni mazito na husimama. Kuyachana mara mbili kwa juma kwa kitana cha chuma kwatosha. Wakati manyoya yanapopukutika ongeza siku, maana paka hujilamba, na manyoya ayamezayo hufanya donge tumboni. Hapa ndipo utani wa Wamarekani ni kweli.

USO ULIOFUPISHWA

Pua ya paka si tundu la kupitishia hewa tu. Ndani yake mna mifupa myembamba iliyojikunja na kufunikwa ngozi yenye unyevu. Hewa ipitapo humo hupashwa moto, hulowanishwa, na kuchujwa vumbi. Uso ukifupishwa, mifupa hupungua, lakini nyama laini za ndani hazipungui kwa kadiri ile ile. Ni kama mtu aliyehama nyumba ya vyumba vitano akaingia ya vyumba viwili na vyombo vyake vyote: njia ya kupita hakuna.

Yapo mambo manne yatokanayo na hayo.

Kwanza, mianzi ya pua huweza kuwa myembamba, na kaakaa laini likawa refu kupita nafasi yake. Paka hukoroma, na akikimbia kidogo huchoka.

Pili, mfereji wa machozi, ambao kwa paka wa kawaida hushuka kutoka jichoni hadi puani, huwa umepindwa na kubanwa. Machozi yakikosa njia humwagika usoni, yakaacha michirizi ya rangi ya kutu na kulowanisha mikunjo ya ngozi kando ya pua.

Tatu, tundu la jicho huwa halina kina. Jicho hutokeza, na pengine kope hazifungi vizuri. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya jicho hukauka na kuumia upesi. Paka wa aina hii hupatwa zaidi kuliko wengine na doa jeusi juu ya jicho, ambalo ni nyama iliyokufa, na mara nyingi huhitaji kuondolewa na daktari.

Nne, paka mzima ana meno 30, awe wa pua ndefu au fupi. Taya likiwa fupi meno hayapungui, bali husukumana na kupanda upande. Chakula hunasa humo na ufizi huoza.

Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kukoroma na kutokwa machozi ni tabia ya mbegu hii. Ni kawaida kwao, kweli, lakini jambo la kawaida si lazima liwe jambo la afya. Homa ya mbu ni ya kawaida katika nchi zetu, wala hatusemi kuwa ni tabia yetu.

KAZI ZA KUMTUNZA

1. Macho na uso. Kila siku chukua pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa hata kuwa vuguvugu. Futa kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, kila jicho kwa pamba yake. Kisha futa mikunjo ya ngozi na kuikausha, kwani unyevu ukikaa huleta vidonda. Paka akifumba jicho moja, machozi yakigeuka manjano au kijani, au doa jeusi likitokea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Usimtie dawa ya macho ya watu iliyobaki nyumbani. Baadhi ya dawa hizo hulizidisha jeraha la jicho.

2. Chakula. Paka ni mla nyama. Ugali na maziwa havimtoshi, na paka wengi wakiisha kukua maziwa huwaharisha. Mwili wake wahitaji kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa kukosa taurini hudhoofisha moyo wa paka hata kumwua. Kwa uso mfupi yapo matata mengine: wengi wao hushindwa kuokota chakula kwa midomo, wakakizoa kwa upande wa chini wa ulimi. Wape sahani pana isiyo na kina, wala si bakuli refu ambalo uso wote huzama. Pima chakula, kwani paka mnene hupumua kwa shida zaidi. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake. Tena, paka asiyekula kwa siku mbili asisubiriwe, maana ini lake laweza kuharibika upesi, hasa akiwa mnene.

3. Pumzi. Jifunze kuhesabu pumzi zake alalapo. Tazama kifua kwa nusu dakika, hesabu mara kinavyopanda, kisha zidisha kwa mbili. Paka mzima akiwa amelala hupumua mara 30 kwa dakika au pungufu. Akizidi 40 tena na tena, au akipumua kwa kinywa wazi na hali hakukimbia, ni shida ya kumwona daktari bila kuchelewa. Mbwa hutweta kila siku wala si kitu. Paka akitweta, jambo lipo.

4. Joto. Paka hana jasho la mwili mzima kama sisi. Hutoa jasho kidogo katika nyayo, na hujipoza kwa kulamba manyoya yake. Akizidiwa hutweta, na mwenye pua fupi hapati faida kubwa kwa kutweta. Mchana wa jua kali mwache ndani penye kivuli, sakafu ya saruji na maji mengi. Usimfungie ndani ya motokaa hata kwa dakika chache. Michezo yote iwe asubuhi au jioni. Nyinyi wanafunzi wa zamani mlioko ng'ambo mnaotaka kurudi nyumbani na paka wenu, ulizeni mapema: mashirika mengi ya ndege hukataa au huwekea masharti wanyama wa pua fupi, kwa kuwa hatari ya kufa kwa joto na kukosa pumzi ni kubwa kwao kuliko wengine.

5. Meno. Mzoeze angali mdogo kusuguliwa meno kwa mswaki laini na dawa ya meno ya wanyama. Dawa ya meno ya watu haimfai, kwani yeye huimeza.

6. Sanduku la mchanga. Huyu ni paka wa ndani. Mpatie sanduku lenye mchanga usio na vumbi, maana pua yake haichuji vizuri, nawe uondoe uchafu kila siku. Wakiwa paka wawili, masanduku yawe matatu.

7. Chanjo na dawa. Kitoto huanza kuchanjwa umri wa majuma 8 hivi, na chanjo hurudiwa kwa kadiri ya daktari. Katika nchi zetu chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe hata kwa paka asiyetoka nje. Mafua ya paka ni mazito zaidi kwa mwenye pua iliyobanwa. Tena jihadharini na mambo mawili yanayoua paka wengi kwa nia njema ya wenyewe: vidonge vya parasetamoli, na dawa ya kupe na viroboto ya mbwa yenye permethrini. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumwua paka.

UGONJWA WA FIGO WA KURITHI

Pamoja na uso, Exotic aweza kurithi kwa paka wa Kiajemi ugonjwa wa figo. Ndani ya figo hutokea vifuko vya maji, vidogo sana utotoni, navyo hukua polepole hata figo zishindwe kazi, mara nyingi paka afikapo umri wa kati. Mwaka 2004 wataalamu wa California walitangaza jeni iletayo ugonjwa huo. Wakati ule ilikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 38 ya paka wa Kiajemi walikuwa nayo.

Turudi kwa Mendel. Jeni ya manyoya marefu hujificha, bali jeni hii ya figo hutawala. Maana yake ni kwamba moja tu yatosha kuleta ugonjwa. Mzazi mmoja mgonjwa mwenye jeni moja akizaa na mzima, twatazamia nusu ya watoto wawe wagonjwa. Lakini kwa sababu haijifichi, ni rahisi kuiondoa: paka hupimwa kwa kusuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, na mwenye jeni hiyo hazalishwi. Paka aliye mzima kwa kipimo hawezi kuwapa watoto jeni ambayo yeye hana. Huu ni ugonjwa ambao vizazi vichache vya wafugaji waaminifu vyaweza kuumaliza.

NANI AWEZA KUIREFUSHA PUA?

Kama watu ndio walioifupisha pua kwa kuchagua, watu hao hao waweza kuirudisha kwa kuchagua. Mambo yameanza. Huko Uingereza chama cha GCCF, kilichoanzishwa mwaka 1910, kina kanuni kuhusu mstari wa pua: mtazame paka usoni, na ukiona ukingo wa juu wa ngozi ya pua umepanda kupita ukingo wa chini wa jicho, paka huyo hapati tuzo katika maonyesho yao. Ujerumani nayo, katika kifungu cha 11b cha sheria ya kulinda wanyama, imekataza kuzalisha wanyama kwa namna ambayo yatazamiwa kuwaletea watoto wao maumivu, mateso au madhara.

Lakini sheria na vyama havina nguvu kama mfuko wa mnunuzi. Mwenye kuuza huzalisha kile kinunuliwacho. Wanunuzi wakigombania uso ulio bapa kabisa, ndio utakaozalishwa, hata kama mama apata shida kuzaa watoto wenye vichwa vikubwa vya mviringo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi mnunuzi asitazame mkakasi tu. Na afanye haya:

Amwone mama wa kitoto, na baba pia ikiwezekana, maana wao ndio picha ya kesho yake. Atazame mianzi ya pua kama i wazi, na mstari wa pua kama u chini ya ukingo wa jicho. Amsikilize kitoto alalapo na achezapo. Asiyesikika apumuapo ni bora kuliko akoromaye. Atake kuona karatasi ya kipimo cha figo cha wazazi wote wawili. Asimchukue kitoto kabla ya majuma 12. Na mwenye kuuza akikataa kuonyesha lolote katika hayo, aage kwa adabu na kuondoka, hata kama kitoto kimekwisha kumlalia mapajani.

Mwisho, ajiulize mwenyewe: je, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa muda wa miaka 10 au zaidi, nitakuwa tayari kuuosha uso huu? Exotic ni paka mpole, mtulivu, apendaye kukaa karibu na watu, na uzito wake ni kilo 3 hadi 6 tu. Hadai mengi. Lakini njia ya machozi aliyonyimwa na watu hawezi kujitengenezea, na mkono utakaofanya kazi ya mfereji ule ni wa mwenye nyumba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Exotic wawili wenye manyoya mafupi wamezaa watoto wanne, mmoja ana manyoya marefu. Andika herufi za jeni za baba, za mama, na za kitoto huyo.

2. Exotic mwenye FF amezaa na paka wa Kiajemi. Watoto wao watakuwa na manyoya ya namna gani? Je, wajukuu waweza kuwa na manyoya marefu? Eleza.

3. Kwa nini ni rahisi zaidi kuiondoa jeni itawalayo iletayo ugonjwa kuliko jeni ijifichayo?

4. Rafiki yako asema, "Machozi ya paka wangu si kitu, wote wa aina hii hutokwa machozi." Mjibu kwa barua fupi, ukimweleza sababu na la kufanya.

5. Mtazame paka yeyote wa kawaida, wa jikoni au wa ghala. Hesabu pumzi zake alalapo, kisha chora uso wake na mstari wa pua. Linganisha na picha ya Exotic, ukaandike kila sehemu iliyobadilika na kazi gani sehemu hiyo imeshindwa kuifanya.